Nyama Mbichi na Mbwa wa Mawindo

Mbwa ni mnyama wa kwanza kufugwa na binadamu. Kabla ng'ombe, mbuzi na kuku hawajazoea zizi na banda, mbwa alikwisha kuzoea moto wa kambi ya wawindaji. Katika wilaya za Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, ushirika huo wa kale ungali unaonekana. Mkulima wa mihogo, mahindi au mananasi ambaye shamba lake linapakana na msitu hana budi kulilinda dhidi ya nguruwe mwitu, nyani na ngedere, na mbwa ndiye msaidizi wake mkubwa. Aidha, nyumba mpya zinazojengwa Kibaha, kandokando ya barabara kuu iendayo Morogoro, zimewaleta mbwa wakubwa wa asili ya kigeni, wenye uzito wa kilo 30 hata 40, ambao huhitaji mazoezi mengi na chakula kingi.

Swali linalowahusu wafugaji wote hao ni moja: je, mbwa mkubwa mwenye kazi nyingi alishwe nyama mbichi? Wengi hujibu kwamba ndiyo, na hutoa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mbwa ni ndugu wa wanyama wa porini ambao hawapiki. Ya pili ni imani kwamba nyama mbichi na damu humfanya mbwa awe mkali. Mawazo ya namna hiyo hayapatikani Pwani peke yake. Mwaka 1993 daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, alichapisha kitabu kilichowahimiza wafugaji kuwalisha mbwa mifupa na nyama mbichi, na tangu wakati huo mtindo huo umeenea katika nchi nyingi.

Jibu la sayansi lina sehemu tatu. Kwanza ni lazima kujua mwili wa mbwa unaweza kumeng'enya nini. Pili, nyama imepungukiwa na nini. Na tatu, nyama mbichi imebeba nini. Sehemu ya tatu ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa kuwa haimhusu mbwa tu, bali inawahusu pia watoto wa nyumba anamoishi.

Mbwa na ugali

Mbwa wa kufugwa ametokana na mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Asia, ambaye ni mnyama tofauti kabisa na yule mbwa mwitu wa Afrika mwenye madoadoa anayeonekana katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Meno yake makali, tumbo lenye asidi kali na utumbo mfupi ni dalili za mla nyama. Hata hivyo, maelfu ya miaka ya kuishi jirani na binadamu yamembadilisha mbwa, hata ndani ya seli zake.

Mwaka 2013 wataalamu waliokuwa wakifanya utafiti nchini Sweden walichapisha matokeo ya kulinganisha jeni za mbwa na za mbwa mwitu wa kijivu. Waligundua kwamba jeni inayoongoza utengenezaji wa amilesi, yaani kimeng'enya kinachovunja wanga, imo katika nakala 2 tu kwa mbwa mwitu, lakini kwa mbwa wa kufugwa hufika nakala 4 hadi 30. Maana yake ni kwamba mbwa walioweza kunufaika na makombo ya nafaka ya wakulima wa kale waliishi na kuzaa zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo ugali uliopikwa ukaiva si chakula kigeni kwa mbwa. Anaumeng'enya vizuri, ingawa tofauti na binadamu, mate yake hayafanyi kazi hiyo. Amilesi yake hutoka katika kongosho.

Kuhusu ukali, hakuna ushahidi kwamba ubichi wa nyama huubadili moyo wa mbwa. Ukali hutokana na nasaba, malezi na mafunzo. Mbwa mwenye njaa aweza kuonekana mkali, lakini njaa haimfundishi kutii, na mbwa wa mawindo asiyetii humletea mwenyewe hasara.

Kazi na nishati

Mwili wa mbwa, kama gari, hutumia nishati kwa kadiri ya ukubwa na kazi yake. Hata hivyo mahitaji hayaongezeki sawasawa na uzito. Wataalamu huchukua uzito wa mbwa kwa kilo, wakaupandisha kwa kipeo cha 0.75, kisha wakazidisha kwa 70 ili kupata kilokalori anazohitaji mbwa aliyepumzika kwa siku moja. Kwa mbwa wa kilo 30 hesabu hiyo hutoa takriban kilokalori 900. Mbwa huyo akiwa mchangamfu, mahali pa 70 huwekwa 130, na mahitaji hupanda hadi karibu kilokalori 1,700. Siku ya kukimbia porini toka alfajiri hadi jioni yaweza kudai zaidi ya hapo. Mbwa wanaovuta magari ya theluji katika mashindano ya Alaska hutumia hata kilokalori 10,000 kwa siku.

Binadamu akimbiaye mbio ndefu hutegemea sana wanga uliohifadhiwa katika misuli. Mbwa hutegemea zaidi mafuta. Ndiyo sababu mbwa mwenye kazi nyingi hunufaika akiongezewa mafuta kidogo katika chakula chake. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, ambapo gramu moja ya wanga au protini hutoa 4.

Upungufu uliomo katika nyama

Mnyama wa porini hali mnofu peke yake. Hula pia mifupa, maini, utumbo na ngozi. Mfugaji anayenunua mnofu mzuri na kumpa mbwa wake huku akidhani kwamba anamtunza, kwa kweli anampunguzia chakula. Kilo moja ya nyama isiyo na mafuta ina kiasi cha gramu 2 za fosforasi, lakini kalsiamu haifiki hata gramu 0.2. Mbwa huhitaji kalsiamu iliyo sawa na fosforasi au iizidi kidogo. Kalsiamu ikipungua katika damu, tezi ndogo zilizo shingoni hutoa homoni inayoamuru mifupa itoe akiba yake. Mifupa hulainika, miguu hupinda, na mtoto wa mbwa wa aina kubwa, ambaye hukua upesi, huanza kuchechemea na hata kuvunjika bila ya kuanguka.

Jambo hili lilionekana zamani. Mwaka 1889 daktari mpasuaji wa London, John Bland-Sutton, alieleza habari za watoto wa simba katika bustani ya wanyama ya mji huo, waliokuwa wakipata matege na kufa. Walikuwa wakilishwa nyama isiyo na mafuta, ilhali mifupa waliyopewa ilikuwa migumu mno kwa meno yao. Alishauri wapewe mifupa iliyosagwa pamoja na mafuta ya ini la samaki. Watoto hao walipona.

Miaka 30 baadaye, mwaka 1919, Edward Mellanby wa Uingereza alieleza majaribio aliyoyafanya kwa watoto wa mbwa. Wale waliolishwa hasa vyakula vya nafaka walipata matege. Waliopewa mafuta ya ini la samaki walipona. Njia hiyo ndiyo iliyofikisha kwenye ugunduzi wa vitamini D, ambayo Elmer McCollum wa Marekani aliipa jina lake mwaka 1922. Leo inafahamika pia kwamba ngozi ya mbwa haiwezi kutengeneza vitamini D ya kutosha kwa mwanga wa jua, kama ngozi ya binadamu inavyofanya. Jua kali la Pwani halimtoshi mbwa. Ni lazima aipate vitamini hiyo katika chakula, hasa katika maini, mayai na samaki.

Lakini yafaa ieleweke kwamba ugali mtupu nao una madhara yake. Mapema katika karne ya 20, watu wengi maskini wa kusini mwa Marekani waliokula mahindi karibu peke yake waliugua ugonjwa wa pelagra, na mbwa waliolishwa vivyo hivyo walipata ugonjwa ulioitwa ulimi mweusi. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem na wenzake walionyesha kwamba dutu moja iliyopatikana katika maini, yaani niasini, iliwaponya mbwa hao. Kwa hiyo mbwa wa ugali mtupu na mbwa wa mnofu mtupu wote wawili wana njaa, ingawa matumbo yao yamejaa.

Hatari isiyoonekana

Mpaka hapa hoja imekuwa juu ya aina ya chakula. Sasa inafuata hoja ya ubichi wenyewe.

Mbuzi au ng'ombe anapochinjwa, viungo ambavyo havikufaa kuliwa hutupwa, na mara nyingi hutupiwa mbwa. Miongoni mwa viungo hivyo yamo maini na mapafu yenye vifuko vyeupe vilivyojaa maji. Mchinjaji aweza kuviona na kuvikata, lakini huenda asijue maana yake. Kifuko huweza kuwa na vichwa vidogo vidogo, mara nyingine maelfu, vya tegu aitwaye Echinococcus granulosus. Ugonjwa wenyewe huitwa hidatidi.

Mzunguko wa tegu huyu unahitaji wanyama wawili. Mbwa akila kifuko kibichi, vichwa hivyo hujishikiza katika utumbo wake na kukua. Tegu mpevu ana urefu wa milimita chache tu, na mbwa aweza kuwa na maelfu yao bila ya kuonyesha dalili yoyote ya ugonjwa. Baada ya wiki 6 au 7 mayai huanza kutoka katika kinyesi. Mayai hayo huangukia majani na maji, yakaliwa na mbuzi, kondoo au ng'ombe, na vifuko vipya vikaota ndani ya maini na mapafu yao.

Binadamu huingia katika mzunguko huu kwa bahati mbaya. Hapati ugonjwa kwa kula ini lenye kifuko. Huupata kwa kumeza mayai yaliyotoka kwa mbwa. Mayai hushika katika manyoya, katika mikono ya mtoto anayecheza na mbwa, katika mboga zisizooshwa na katika maji ya kisima kilicho wazi. Kifuko hukua ndani ya mwili wa mtu polepole, kwa miaka mingi, na pengine mgonjwa hutambua tu pale tumbo linapovimba. Matibabu ni dawa za muda mrefu au upasuaji, na kifuko kikipasuka ndani ya mwili mgonjwa aweza kufa.

Afrika Mashariki inaufahamu ugonjwa huu kwa gharama kubwa. Takwimu zilizochapishwa mwaka 1982 zilionyesha kwamba kaskazini mwa Turkana, nchini Kenya, walipatikana wagonjwa wapya wapatao 220 katika kila watu 100,000 kwa mwaka, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vikubwa kabisa duniani. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianzisha huko mpango wa kupambana na ugonjwa huo, kwa elimu, dawa za mbwa na matibabu ya watu. Katika Tanzania, ugonjwa umeonekana miongoni mwa wafugaji wa kaskazini.

Msomaji wa Kibaha au Kisarawe asidhani kwamba Turkana ni mbali. Mifugo kutoka mikoa ya bara huletwa katika mnada wa Pugu, ulio jirani na Kisarawe, kabla ya kuchinjwa kwa ajili ya wakazi wa Dar es Salaam na Pwani. Kifuko kilichoanza kukua katika mapafu ya kondoo mamia ya kilometa kutoka pwani chaweza kumfikia mbwa wa Pwani kwa siku chache tu. Ukaguzi wa nyama machinjioni ni kinga kubwa, lakini mnyama anayechinjwa nyuma ya nyumba siku ya harusi au sikukuu aghalabu hapitii kwa mkaguzi.

Tegu si hatari pekee. Nyama mbichi hubeba bakteria wa salmonela, ambao mbwa aweza kuwatoa katika kinyesi chake ilhali yeye mwenyewe ni mzima, wakawadhuru watoto wachanga, wazee na wagonjwa. Nguruwe mwitu naye aweza kuwa na mnyoo wa trikinela, ambaye hujificha ndani ya misuli. Mwaka 1961 ilichapishwa taarifa ya watu walioambukizwa kwa njia hiyo nchini Kenya. Na mzoga wa mnyama aliyekufa ghafula usitolewe kwa mbwa kamwe, maana kimeta huweza kuwa ndicho kilichomuua. Mzoga wa namna hiyo usipasuliwe. Taarifa ipelekwe kwa mtaalamu wa mifugo.

Somo la Aislandi

Je, mzunguko wa hidatidi waweza kukatwa? Historia yajibu kwamba ndiyo. Katika karne ya 19 kisiwa cha Aislandi kilikuwa na wagonjwa wengi sana wa hidatidi. Mwaka 1863 mtaalamu wa Denmark, Harald Krabbe, alichunguza mbwa 100 wa huko akakuta 28 wana tegu huyo. Mwaka uliofuata kilitolewa kijitabu chake, kilichoeleza mzunguko huo kwa lugha nyepesi, kikagawiwa bure kwa wananchi. Mwaka 1869 ikafuata sheria ya kuwatibu mbwa na kuharibu viungo vyenye vifuko. Vizazi vichache baadaye ugonjwa huo ulikuwa umetoweka kisiwani. Wakati huo hapakuwa na dawa nzuri kama za leo. Silaha kubwa ilikuwa ni mwananchi kuelewa kwa nini asimtupie mbwa mapafu mabichi.

Chungu cha mbwa

Njia ya kufuata, basi, ni rahisi. Mbwa apewe nyama, lakini ipikwe. Viungo vya ndani vichemshwe kwa nusu saa tangu maji yaanze kutokota. Vichwa vya tegu vilivyo ndani ya vifuko hufa. Viungo ambavyo havitapikwa vizikwe kwenye shimo refu au vichomwe moto, mbwa wasivifikie. Kuweka nyama katika friji hakutoshi, maana baridi haiwaui salmonela, na umeme ukikatika hata faida yake ndogo hupotea.

Kwa mbwa mchangamfu wa kilo 30, chakula cha siku moja chaweza kupangwa hivi: gramu 200 za unga wa dona uliopikwa ukaiva, nusu kilo ya nyama au mchanganyiko wa nyama na viungo vya ndani, ipimwe kabla ya kupikwa, gramu 50 za dagaa wakavu, vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya kupikia, na ganda moja la yai lililochemshwa, likakaushwa na kusagwa likawa unga laini. Jumla yake ni karibu kilokalori 1,750. Maini yasizidi sehemu ndogo ya nyama hiyo, kwa kuwa vitamini A ikizidi kwa muda mrefu huwa sumu. Kitunguu kisitiwe, maana huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mfupa uliopikwa nao usitolewe, kwa sababu huvunjika vipande vyenye ncha kali. Kazi yake inafanywa na ganda la yai na dagaa.

Kiasi hicho ni mwanzo tu. Mbavu za mbwa zikionekana toka mbali, aongezewe. Zisipopapasika kwa vidole, apunguziwe. Chakula kigawanywe mara mbili, na mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu asikimbizwe mara baada ya kushiba, kwani tumbo lake laweza kujisokota na kumuua katika muda wa saa chache. Maji safi yawepo siku zote.

Pamoja na chakula, mbwa apewe dawa ya minyoo iitwayo prazikwanteli kwa ushauri wa mtaalamu wa mifugo. Katika mahali penye hidatidi dawa hiyo hutolewa kila baada ya wiki 6, ili tegu wafe kabla ya kuanza kutaga. Hali kadhalika achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Na kwa kuwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila ya kibali, mwenye kusumbuliwa na wanyama waharibifu aanzie kwa ofisa wa wanyamapori.

Wakazi wengi wa asili wa wilaya hizi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi na huamuru chombo alichokilamba kioshwe mara saba, mara moja kwa udongo, ingawa mbwa wa mawindo na wa ulinzi anaruhusiwa. Sayansi ya afya haina ugomvi na desturi hiyo. Chombo cha mbwa kiwe mbali na vyombo vya watu, mikono ioshwe kabla ya kula, na kinyesi kizolewe na kuzikwa.

Kazi ya shule

Walimu wa biolojia na kemia wanaweza kulifundisha somo hili bila ya vifaa vya gharama. Mfupa wa paja la kuku ukitiwa katika siki kwa wiki moja hupoteza kalsiamu na kupindika kama mpira. Hivyo mwanafunzi hushika kwa mkono wake ugonjwa wa watoto wa simba wa London. Ganda la yai lina uzito wa gramu 5 hivi, na karibu lote ni kalsiamu kaboneti, ambayo asilimia 40 yake ni kalsiamu. Wanafunzi wakikokotoa wataona kwamba ganda moja hutoa kiasi cha gramu 2, yaani zinazolingana na fosforasi iliyomo katika kilo nzima ya nyama.

Iliyo muhimu zaidi ni picha ya mzunguko wa tegu: mbwa, kinyesi, majani, mbuzi, kifuko, na mbwa tena, na mtoto akiwa amesimama pembeni, mahali ambapo mayai humfikia. Mwanafunzi aliyeuchora mzunguko huo katika daftari lake ndiye atakayekuwa karibu siku mbuzi atakapochinjwa nyumbani. Akiyazuia mapafu yasitupwe kwa mbwa, akayatia katika chungu au katika shimo, mzunguko utakuwa umekatika mahali hapo.